Paka Kipusa na Hirizi ya Pili

Paukwa!

Pakawa!

Ah, itikieni kama watu walioshiba! Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo zamani za kale, majirani hawajajifunza kunyamaza, na mpaka leo hawajajifunza, palikuwa na bibi akiitwa Bi Mize. Alikuwa na Kuku, na Bata, na Mbuzi, na paka wake Kipusa. Kipusa analala kitandani. Wengine, uani!

Kipusa alipokuwa mtoto, mdogo kama ngumi, Bi Mize alimfunga hirizi shingoni kwa uzi mweusi. Eti husuda. Nani amhusudu paka? Basi Kipusa akala, akakua, akanenepa. Uzi haukukua. Manyoya yakaufunika, bibi akausahau.

Siku moja Bi Mize akampapasa shingoni. Kipusa akaona moto. Nyauuu! Kwaru! Mkono wa bibi, damu.

"Mtoto wangu kanigeuka!" Bi Mize akalia. "Kapandwa na jini!"

Kesho yake akampapasa tena, palepale. Kwaru! Mwanamke mzima, hakufikiri hata kubadilisha pa kushika.

Akaenda kwa mganga. Mganga hata paka hakumtazama. Akatoa nini? Hirizi ya pili! Bi Mize akaifunga juu ya ile ya kwanza, akakaza hasa.

"Ukinikwaruza tena," akamwapia Kipusa, "nakutupa ng'ambo ya mto, kwa fisi."

Huko uani ikawa sherehe.

"Shoga, umesikia?" Kuku akamwambia Bata. "Yule wa kitandani kapata wazimu."

"Wazimu wapi! Kiburi hicho. Ukila samaki kila siku, utamheshimu nani?"

"Dada zangu, mimi naumwa..." Kipusa akaanza.

"Kaa huko huko! Usije ukatung'ata!"

Wakaendelea kumsema, naye yupo, anasikia.

Bi Mize akamshika tena shingo. Kwaru! Basi. Akamtia kwenye tenga, akalifunga, akaliweka karibu na Mbuzi, akaenda kutafuta wa kulibeba. Mle ndani Kipusa akawawaza fisi wa ng'ambo. Kila usiku huwasikia wakicheka.

Mbuzi, mlafi asiye na haya, akaanza kulila tenga. Tafu, tafu, tafu. Likatoboka. Akapenyeza pua, ikagusa shingo. Kwaru!

"Yalaa! Kwani nimekugusa wapi, bibi wee?"

Kipusa akarudisha kucha. Tangu aanze ukali, hakuna aliyemuuliza hivyo.

"Shingoni," akasema.

"Hebu geuka. Lo! Uzi umezama nyamani! Mimi nimefungwa kamba tangu nizaliwe, nayajua haya. Tulia, itauma."

Tafu, tafu. Uzi wa kwanza, kat! Wa pili, kat! Na hirizi zote mbili akazila, na karatasi zake. Mbuzi ni mbuzi.

Bi Mize akarudi. Kipusa huyo akatoka tengani, akajisugua miguuni pake, nrrr, nrrr. Bibi akatazama shingo. Kidonda kipo, hirizi hakuna. Mnadhani aliona haya? Thubutu! Alipiga vigelegele mtaa mzima: "Hirizi ya pili kiboko! Imemtoa jini, ikaondoka naye!"

Kuku na Bata wakadakia: "Sisi tulijua tangu mwanzo!"

Basi nyinyi wadogo, na nyinyi wakubwa mnaojifanya hamsikilizi: mpole akigeuka mkali ghafla, muulizeni panapomuuma kabla hamjamsingizia jini. Hadithi yangu imekomea hapo. Anayetaka kubisha, akabishane na Mbuzi.