Chai ya Bwana Fungu

"Mbegu!"

"Wadudu!"

"Dada, nikishasema mbegu, basi ni…"

"Hata useme lulu, bwana, hawa ni wa…"

"Usinikate kauli!"

"Wewe ndiye uliyenikata, mimi nilianza!"

Ndivyo walivyokuwa wakivutana, mtia rangi vitambaa na ofisa wa forodha, juu ya meza yenye kigunia kimoja tu. Ofisa huyo wenzake walimwita Bwana Fungu, maana hakukuwa na kitu duniani asichokipangia fungu lake la ushuru. Watani walidai kwamba hata mvua ikinyesha hutoka nje kuiuliza kama ni maji ya kunywa au ya kufulia.

Ndani ya kigunia mlikuwa na punje kavu za kijivu, zimejikunja kama pilipili manga iliyosahauliwa kabatini. Mtia rangi alikuwa ametangaza kwamba ni wadudu wakavu wa kutengenezea rangi, na wadudu wa namna hiyo hupita bila tabu. Lakini mbegu zinazopitishwa kwa jina la kitu kingine huishia kwenye tanuri nyuma ya ghala, na tanuri lilikuwa limeshawashwa. Harufu ya moshi ilipenya hadi mezani.

"Nimekwambia ni kwa ajili ya mama, haoni rangi ila nyekundu hii," alisema mtia rangi.

"Na mimi nimekwambia akina mama hawana fungu."

Mama huyo naye alikuwa mtia rangi enzi zake. Sasa macho yalikuwa yamefifia, dunia imemgeukia kuwa ukungu mtupu. Rangi moja tu ndiyo iliyobaki ikipenya ukungu ule: nyekundu ya wadudu hawa. Nyekundu za dukani aliziona kama vumbi. Juzi binti yake huyu alimkuta amesimama ukumbini, kiganja ukutani, akinong'ona kama anayembembeleza mtoto, "Nyumba yangu wee, mlango umeuficha wapi?" Siku hiyohiyo binti aliapa kumtilia rangi pazia la mlango wa chumba chake.

"Waloweke kwenye maji ya moto tu," alisihi mtia rangi. "Watafunguka, utaiona miguu yao."

"Ya nini kuloweka? Mimi nitakuonyesha mbegu za kiungo zinavyotumika." Bwana Fungu akachota punje kadhaa, akazitumbukiza kwenye kikombe chake cha chai, akakoroga kwa madaha kama bwana harusi.

Jua la alasiri lilikuwa likiingia kwa dirisha la juu, vumbi likielea ndani yake polepole, kana kwamba hata lenyewe lina usingizi. Rangi ikaanza kutoka. Kwanza uzi mmoja mwembamba, kisha wingu, kisha kikombe kizima kikawaka kama machweo yaliyodondoka mezani. Karani wa meza ya pili akaacha muhuri hewani. Mtia rangi akasahau kugombana. Ilikuwa kama chumba kizima kimeingia ndotoni, isipokuwa mtu mmoja.

Bwana Fungu alipiga funda, akatafakari.

"Inataka sukari," alisema.

Karani akaangua kicheko. "Bwana Fungu! Midomo yako!"

"Midomo imefanya nini?" Akainamia kikombe, akakikodolea macho kama atafutaye nzi.

Kicheko cha mtia rangi kilikuwa kimeshafika kooni. Halafu akayatambua macho yale. Macho kama hayo aliyaona juzi ukumbini, kwa mama yake. Akakimeza kicheko.

"Usitazame chai, bwana," alisema taratibu. "Tazama kijiko."

Kwenye kijiko, punje moja ilikuwa imevimba, imejikunjua, imetoa vijiguu vyembamba kama nyuzi za buibui. Bwana Fungu alikisogeza kijiko karibu na pua.

"Mdudu," alikiri. Kisha uso ukambadilika. "Nimemnywa mdudu!"

"Tena umemwombea sukari," karani akadakia.

Muhuri ukagonga. Kigunia kikasukumwa kwa mwenyewe. Mtia rangi alikikumbatia kama mtoto aliyepatikana, akaaga, akaelekea mlangoni.

"Dada."

Akageuka.

"Chai imekuwaje?"

"Nyekundu, bwana."

"Sana?"

"Sana."

"Mimi naona chai tu." Kicheko cha karani kikazimika kama mshumaa. "Tangu utotoni. Hiyo nyekundu nimeipangia fungu miaka nenda miaka rudi, na sijawahi kuiona hata siku moja."

Akavua kofia yake ya kazi, akaiweka juu ya meza, akaja hadi aliposimama mtia rangi, midomo yake ikiwaka pasipo yeye kujua.

"Wahenga hawakukosea, dada: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mimi maisha yangu yote nimeishia mlangoni. Tafadhali, nipeleke kwa mama yako akanieleze nyekundu ikoje."