Sikudhani na Shangazi wa Uongo

Paukwa!

Pakawa!

Nimekuja na ngano, nani ana masikio?

Sote tunayo, imwage!

Hapo kale palikuwa na kigori, jina lake Sikudhani, umri wake miaka kumi na mitatu. Siku moja jirani yao, Bi Kazija, akapata msiba ng'ambo ya mto. Akamwachia Sikudhani mwanawe mchanga, Kombo.

"Shangazi yake akija, mpe. Mwingine usimpe, hata akulilie."

"Nitamjuaje huyo shangazi?"

Wapi! Bi Kazija keshapotelea njiani.

Nyie, kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana! Tena wa kwako afadhali. Wa mwenzio akikohoa tu, roho yakuruka. Sikudhani akamlaza Kombo chumbani, akakaa mlangoni. Akaenda kusikiliza kama anapumua. Akarudi. Akaenda tena. Akarudi. Akaenda tena.

Mara, "Hodi!" Mwanamke mrefu, kajitanda kanga mpaka puani.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mie shangazi yake Kombo, nimekuja kumchukua. Nasikia mnono!"

Sikudhani akasimama katikati ya mlango.

"Nasikia mapaja yamejaa!"

Akauvuta mlango nyuma yake.

"Nasikia mashavu, loo, laini!"

Jamani, shangazi gani wa kwetu humsifia mtoto mchanga unono? Si angesema, "Kibaya hiki, kama nyani," ili kijicho kipite mbali? Sikudhani akajua: hili zimwi! Akilikatalia, litaingia lenyewe. Akilikabidhi mtoto, atamwambia nini mama mtu?

"Inama, shangazi, nikufunge mtoto mgongoni."

Zimwi likainama. Sikudhani akaingia ndani, akaliviringisha jiwe la kusagia kwa nguo, akatoka nalo, akalifunga mgongoni mwa zimwi kwa mbeleko. Kaza, kaza, kaza!

"Mzito!" zimwi likacheka.

"Kashiba," akajibu.

Ndipo Kombo akaamka chumbani. Nyaa!

"Nani huyo?"

Sikudhani akaangua kilio. Wala hakuigiza, alikuwa na hofu ya kweli. "Ni mimi, shangazi! Nilishamzoea!" Kombo akilia, yeye analia zaidi.

"Msichana mkubwa, huna haya!" Zimwi likatimua mbio, mate yakilidondoka. Na mbio za sakafuni huishia ukingoni. Likajitosa mtoni livuke, jiwe likalivuta chini, halikuibuka tena.

Jua lilipoanza kuzama, shangazi wa kweli hajatokea, Bi Kazija akarudi. Akamkuta Sikudhani kamkumbatia Kombo, macho kayatoa.

"Nipe mwanangu."

Akamkaza zaidi kifuani.

"Sikudhani, ni mimi."

Mikono haikulegea. Bi Kazija akamtazama vizuri, akaona makamasi, akaona vile vigoti vya kitoto.

"Masikini," akasema, "mtoto nimemwachia mtoto."

Akakaa chini. Akampakata Sikudhani, naye Sikudhani kampakata Kombo, mpaka watoto wote wawili wakalala.

Ngano yangu naitua hapa. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni niimeze mwenyewe.