Kamba ya Kupimia Nundu

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika huku mnacheka? Mmeshajua ngamia mjinga wa leo ni mimi? Haya, chekeni tu, nimezoea.

Hapo zamani za kale, na si kale sana maana mimi nilikuwepo na meno yangu yote, huko Arabuni kulikuwa na chemchemi katikati ya jangwa. Chemchemi moja tu. Na aliyeikalia alikuwa Fisi. Ukitaka kunywa, umsujudie. Ukikohoa, hunywi. Miaka arobaini!

Asubuhi moja tukachoka. Sote. Punda akalia, hiihoo! hiihoo! mpaka Fisi akatoka pangoni. Mbuzi wakampiga pembe, ko! ko! ko! Mimi nikarusha teke, pu! Teke lenyewe lilimkosa Fisi, likampata Mbuzi. Lakini Fisi alikimbia, akakimbia, hajarudi mpaka leo. Tukacheza. Tukakumbatiana, hata na yule Mbuzi niliyempiga.

Kesho yake sisi ngamia tukakaa kikao. Tulikuwa wengi. Nikasimama, nikakohoa, maana sasa kukohoa ruhusa, nikasema: "Jamani, chemchemi hii ni ya nani? Ni ya wenye nundu!"

Wakashangilia. Kichwa kikanivimba. Nikatwaa kamba, nikapiga fundo. Nundu yako ikifika kwenye fundo, wewe mwenyeji, ingia unywe. Isipofika, wewe mgeni, ngoja tubakishe. Tukazungusha boma la miiba, tukamweka shemeji yangu Hamdani mlangoni na kamba yake.

Dada Punda akaja na mwanawe. Ulimi wa mtoto umekauka.

"Kaka Ngamia, siku ile si tulikuwa pamoja?"

"Tulikuwa pamoja, dada. Lakini nundu yako iko wapi?"

"Sina. Na siku ile hukuniuliza."

Nikakosa jibu. Na mkubwa akikosa jibu hufanya nini? Hukasirika. Basi nikakasirika sana. Dada Punda akamgeuza mwanawe, wakaenda zao kwenye mto mkavu, na mbuzi wakafuata nyuma.

Mwaka ule mvua ikagoma. Majani yakaisha. Na nundu ya ngamia ni mafuta, njaa ikija hupungua. Kila ngamia analijua hilo. Mimi, mtunga sheria, nililisahau! Nundu yangu ikalegea, ikalala upande, lepe.

Nikaenda mlangoni. Hamdani akapima. Akapima tena.

"Shemeji, haifiki."

"Hamdani! Sheria hii niliitunga mimi!"

"Najua, shemeji. Na uliitunga vizuri, haina pa kupenya."

Mwezi ulipokwisha, ngamia wote tulikuwa nje. Hamdani akajipima mwenyewe, akaguna, mh! naye akatoka. Maji yamejaa pomoni ndani, sisi tumepanga foleni nje, tunatii sheria! Kila mmoja anaona haya kusema sheria ni ya kijinga, na mimi naona haya kuliko wote. Hata Fisi hakututesa hivyo.

Siku ya tatu ya foleni ile nikaona sasa nakufa. Nikajikokota mpaka mto mkavu. Nikamkuta Dada Punda amechimba mchanga kwa kwato, akapata kidimbwi cha maji ya matope. Punda wanakunywa, mbuzi wanakunywa, hata kalunguyeye, yule mdogo wa miiba mgongoni, anakunywa. Nikapiga magoti, nikamgeuzia ubavu.

"Unafanya nini, Kaka Ngamia?"

"Nimegeuka unipime."

Mwanawe akacheka, kwa kwa kwa! Mama mtu hakucheka.

"Kunywa, bwana. Usije ukatufia hapa."

Nikanywa huku nalia. Aibu, jamani, aibu!

Tukarudi sote, tukang'oa boma. Mtoto wa Punda akanywa wa kwanza. Na kamba? Wakaamua niitafune mimi. Nikaitafuna, fundo na yote. Mpaka leo nikicheua, inarudi.

Basi wanangu, na nyinyi wakubwa mnaojifanya mmesinzia, sikieni. Mkimfukuza dhalimu pamoja, kaeni pamoja. Anayeweka kipimo cha kumtoa mwenzake nje, kesho atapimwa yeye. Na mwenye kiu haulizwi nundu.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyenicheka akanywe maji, na asiyenicheka naye akanywe. Mlangoni hakuna mtu.