Bao la Kujifunga

Wapendwa, leo naomba niwatoe shambani na sokoni, niwapeleke kiwanjani. Najua wapo akina mama hapa wanaosema mpira ni mambo ya waume zao. Nivumilieni. Nitakwenda taratibu, na asiyejua mpira hatapotea.

Kulikuwa na beki mmoja, mzaliwa wa huku huku kwetu Rungwe, jina lake Ambakisye. Beki ni nani? Ni yule anayekaa nyuma, karibu na kipa, kazi yake kuzuia. Mshambuliaji akikosa mara tisa akafunga mara moja, watu wanambeba mabegani. Beki akiokoa mara tisa akakosea mara moja, watu wanaondoka na ile moja. Niambieni ukweli, mmewahi kumsikia mtoto akisema, baba, nikikua nataka kuwa beki? Huyu alisema. Alikuwa mrefu, mpole, na alikuwa na macho ya kujua mpira utaangukia wapi kabla haujapigwa.

Alipofika miaka ishirini wakala mmoja akamwona, akampeleka Ubelgiji, klabu ya daraja la pili. Msimu mzima alikaa benchi. Baridi ilimpasua midomo, lugha haijui, kocha akizungumza yeye anaangalia mikono. Wenzake walipomaliza mazoezi na kwenda kuoga, yeye alibaki anapiga mpira ukutani, mguu wa kushoto tu, kwa sababu ule wa kushoto ulikuwa mbovu. Msimu wa pili beki mmoja akavunjika mguu, Ambakisye akaingizwa. Hakutoka tena.

Kutoka Ubelgiji akaenda Uswisi, akakaa miaka minne. Huko ndiko alikojifunza kwamba beki hodari si yule anayejitupa na kuchafuka matope. Hodari ni yule ambaye mpira ukifika, yeye yupo tayari, anaupokea kama barua iliyoandikwa jina lake. Siku nyingine alimaliza mechi nzima kaptula yake safi kama alivyoivaa, na washambuliaji wa timu pinzani wanatoka wamenuna, hata hawajui nini kimewapata. Hivyo ndivyo alivyocheza kijana wetu. Mimi nikimfikiria namwonea fahari.

Akiwa na miaka ishirini na sita akahamia Denmark, mji mdogo wa bandari, watu wake ni wa viwanda vya samaki. Walimpenda. Mwaka wa pili wakamfanya nahodha. Na huko alimkuta kipa aliyeitwa Jesper, mtu wa miaka thelathini na kitu, mkubwa, mcheshi. Jesper ndiye aliyemfundisha kuendesha gari kwenye barafu. Na mke wa Ambakisye, dada yetu Tumpe, alipojifungua mtoto wao wa kwanza ugenini, hakuna mama, hakuna shangazi, mke wa Jesper ndiye aliyekaa naye hospitali akimshika mkono. Kwa hiyo muelewe, hawa hawakuwa wachezaji wenza tu. Walikuwa ndugu.

Ukaja msimu mbaya, msimu wa tatu. Timu ikapoteza mechi baada ya mechi, mpaka ikabaki mechi ya mwisho. Wakipata sare, wanabaki ligi kuu. Wakifungwa, wanashuka daraja. Na Ambakisye alikuwa na lake moyoni, kwa sababu klabu moja kubwa ya Ureno ilikuwa imeshakubaliana naye. Ilibaki kutia sahihi tu. Jesper naye alikuwa na lake. Alishafungwa mabao mawili ya kizembe mwezi ule, mkataba wake unakwisha, umri umekwenda, na uongozi ulikuwa unamwangalia kwa jicho la kumtafutia sababu.

Dakika ya themanini na tisa, sare ya bila kufungana. Timu pinzani ikapiga mpira mrefu, mpira wa kukata tamaa tu. Ambakisye alikuwa chini yake. Angeruka, angeupiga kichwa, wangekwenda nyumbani. Akasikia sauti ya Jesper nyuma yake ikisema, niachie. Kipa akisema niachie, beki anaacha. Ndiyo sheria yao. Akaacha. Lakini Jesper alitoka hatua mbili, akaogopa, akarudi golini. Mpira ukadunda katikati yao. Ambakisye akageuka, akajitupa kuuokoa, ukamgonga kwenye ugoko, ukaingia golini mwao. Amejifunga.

Uwanja ulikuwa na watu elfu tisa wanapiga kelele. Sauti ya Jesper hakuisikia mtu ila mmoja. Na kwenye televisheni watu waliona nini? Beki kasimama chini ya mpira, kauangalia tu kama mtu aliyelala, kisha kautia mwenyewe wavuni.

Mechi ilipokwisha waandishi wakamzunguka Ambakisye, wakamwuliza ilikuwaje akauacha mpira rahisi vile. Jesper alikuwa hatua tatu kutoka pale, taulo kichwani, anasikia. Ambakisye alimtazama, akangoja kidogo. Jesper akainama kufungua kamba za viatu.

Basi Ambakisye akasema, "Aliyeugusa mwisho ni mimi. Wananchi wa mji huu wanisamehe."

Angalieni, hakusema uongo. Aliyeugusa mwisho ni yeye kweli. Alichofanya ni kuishia pale.

Yaliyofuata mnaweza kuyadhani. Ukuta wa nyumba yake ulipakwa rangi na maneno machafu. Muuza mikate aliyekuwa akimtania kila asubuhi akaanza kumpa mkate bila kumtazama. Wale wa Ureno wakapiga simu kumwambia wakala kwamba wamebadili mawazo, wanatafuta beki mwenye utulivu zaidi. Utulivu. Mtu aliyekuwa ametulia kuliko wote kiwanjani. Na lililouma kuliko yote, Jesper alipoulizwa na gazeti alijibu kwamba ni jambo la kawaida, mabeki wakichoka akili hulala. Ambakisye akalisoma hilo asubuhi, akakunja gazeti, akaenda mazoezini.

Tumpe alikuwa anajua. Mumewe alimweleza siku ile ile. Akavumilia wiki tatu, wiki ya nne akamkalisha chini.

"Kwa nini husemi, baba? Mimi siwezi tena kutoka nje na mtoto."

Ambakisye akasema, "Nikisema, mimi nitarudishiwa jina na yeye atafukuzwa kesho. Mimi nina miguu bado, mama. Yeye amebakiwa na msimu mmoja au miwili. Acha amalize."

"Na yale aliyoyasema gazetini?"

"Yale ameyasema kwa hofu. Huyu ndiye mtu ambaye mkewe alikushika mkono."

Tumpe alilia. Hakukubaliana naye siku ile, na sitaki kuwadanganya kwamba alikubali haraka. Lakini hakumwambia mtu.

Klabu nyingine ndogo zilimtaka Ambakisye. Angeweza kuondoka. Hakuondoka. Alishuka na timu hadi daraja la chini, akacheza mechi zote za msimu ule. Mechi za mwanzo mashabiki wake wenyewe walimzomea kila akigusa mpira. Na nyuma yake golini alisimama nani? Jesper yule yule. Kila Jesper alipokosea, Ambakisye alikuwa ameshafika kuziba. Jesper alipoteleza, Ambakisye aliutoa mpira mstarini. Mwaka ule kipa yule alionekana hodari, akaongezewa mkataba. Timu ikarudi ligi kuu. Ndipo Ambakisye akaaga, akaenda Ugiriki miaka minne, kisha Hungaria miwili. Klabu za kawaida. Ile kubwa ya Ureno haikurudi tena. Huko kote aliheshimika, vijana wa huko walimwita mwalimu, na kila alipohojiwa, swali la pili au la tatu lilikuwa lile bao. Naye alijibu yale yale.

Goti likachoka. Akiwa na miaka thelathini na sita akastaafu. Ile klabu ya Denmark, kwa kuwa ilikuwa inaadhimisha miaka kadhaa ya kuanzishwa kwake, ikamwalika aagwe pale, kwa heshima ya msimu ule wa kuirudisha juu. Akaamua kumchukua mama yake mzazi. Mama wa Rungwe, hajawahi kupanda ndege, amevaa kitenge na juu yake koti zito aliloazimwa na Tumpe.

Jumamosi mchana uwanja umejaa. Wameketi mstari wa mbele, Ambakisye, Tumpe, mama, na kando ya mama kakaa Jesper, ambaye sasa alikuwa kocha wa makipa. Kwenye ukuta mkubwa wa picha wakaanza kuonyesha historia ya klabu, vikombe, mabao mazuri. Halafu, kwa utani tu, maana miaka saba ilishapita, wakaonyesha lile bao. Beki amesimama, anauangalia mpira, anautia mwenyewe. Uwanja mzima ukacheka. Hawakucheka kwa chuki. Walicheka kama watu wanavyocheka jambo la zamani.

Na mama yake naye akacheka.

Mama hakuwa anajua mpira. Aliona picha ya mwanawe, akaona watu maelfu wanafurahi, akadhani wanamfurahia. Akapiga makofi. Akamgeukia Jesper aliyekaa kando yake, akamwonyesha kwa kidole, akijigusa kifuani, kwamba yule ni wangu, yule nimemzaa mimi.

Ambakisye akatazama chini. Jesper akamwona mama, akamwona Ambakisye. Akainuka, akatembea mpaka katikati ya kiwanja, akamwomba mtangazaji kipaza sauti.

Akasema, "Mpira ule nilimwambia aniachie. Akaniachia, kisha mimi nikaogopa. Amejua miaka yote saba. Mlimchorea matusi ukutani kwake, na mimi nilikuwa nakaa mtaa wa pili."

Watu elfu tisa wakanyamaza mpaka bendera zikasikika zikipigwa na upepo.

Mama akauliza kuna nini, mbona watu wamenyamaza. Tumpe akamweleza kwa Kinyakyusa, taratibu, tangu mwanzo. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akasimama, akaingia kiwanjani na koti lake la kuazima, hakuna aliyethubutu kumzuia. Sisi tungetarajia nini? Mama aliyechekewa mwanawe, aliyepiga makofi kwa fedheha ya mwanawe bila kujua, angemwambia nini mtu yule? Akamshika Jesper mikono yote miwili, akasema, na Tumpe aliyemfuata akamfasiria, "Pole, mwanangu. Umebeba mzigo huu siku nyingi."

Jesper akalia mbele ya mji wake wote, mtu mkubwa kama mlango.

Maana mama aliona ambacho sisi hatukukiona. Ambakisye alibeba lawama, lakini kila siku alilala usingizi. Aliyebeba mzigo ni yule aliyenyamaza mwenzake akilaumiwa.

Sasa, wapendwa, nimewaangalia nilipokuwa nasimulia. Kila mmoja wetu alikaa kwenye nafasi ya Ambakisye. Kila mtu alitikisa kichwa akisema moyoni, mimi pia nimesingiziwa, mimi pia nimebeba ya wengine. Hata mimi niliyeandaa somo hili, wiki nzima nilijiona beki.

Sisi si beki. Sisi ni Jesper.

Yuko mmoja aliyelipokea jina letu baya akalibeba msalabani, nasi tulikuwa hatua tatu kutoka pale, tumeinama tunafungua viatu. Hilo la kwanza. Na tumezoea kulisikia, kwa hiyo nitasema na la pili.

Kuna binti wa kazi katika nyumba fulani aliyerudishwa kwao kwa jina la mwizi, na mwenye nyumba amekwisha kukipata kile kitu chini ya kabati, akanyamaza. Kuna mzee wa kanisa aliyetolewa kamati ya ujenzi, na anayejua ukweli ameketi leo hapa, tena mbele. Na kuna mwanamume, simtaji na simwangalii, ambaye amekwenda hospitali peke yake, akapewa majibu yake, akayakunja akayaweka mfukoni. Akarudi nyumbani. Na mama yake mzazi, aliyekuja kuwatembelea, bado anamwita mkewe tasa, mbele ya wageni, naye anamega ugali tu.

Mke yule anajua, ndugu yangu. Wake hujua. Amekaa kimya si kwa sababu hana mdomo.

Unangoja nini? Hukuitwa kwenye uwanja wa watu elfu tisa. Umeitwa kwenye sebule yenye watu watatu. Mimi nafupisha ibada leo, hatutaimba wimbo wa mwisho, ili uwahi kabla mama yako hajaondoka. Mkeo yuko jikoni, anakupikia chakula cha mchana. Nenda.