Mpira wa Kusimuliwa

Wahenga hawakuwahi kukata tiketi ya mpira, lakini sokoni walikwenda, na huko waliona kwamba mwenye nyanya zilizooza ndiye anayepiga kelele kuwapita wote. Waliyoyaona yanatosha kuamua ubishi wa ndugu wawili wa tumbo moja.

Mkubwa alikuwa mwokaji mikate. Maradhi yalimpofusha akiwa mtu mzima, lakini mkate ulioiva aliujua kwa harufu, na timu yake aliipenda vilevile. Kila Jumamosi mdogo wake, fundi bomba, alimshika mkono hadi uwanjani, wakaketi nyuma ya goli, akamsimulia mchezo sikioni. Kwa mwokaji, Jumamosi ndiyo iliyokuwa siku. Zilizobaki zilikuwa unga na moto tu.

Kocha wao, aliyebandikwa jina la Pasi, alifundisha kandanda la kutandazwa chini. Lilikuwa tamu, jamani, hata wapinzani walijisahau wakapiga makofi. Tatizo ni kwamba timu ilifungwa mara kwa mara, na fundi bomba alichoka kutaniwa kazini. Uzuri hauliwi, alisema, yeye anataka pointi. Kaka yake akamjibu kwamba pointi zinasomwa gazetini, hazina haja ya kufuatwa uwanjani. Walibishana mpaka mke wa mwokaji akawatoa nje pamoja na viti vyao.

Wanachama walipokutana, fundi bomba alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono Pasi afukuzwe. Akafukuzwa. Akaletwa kocha wa kubutua mpira mbele na kuufukuzia, na timu, haki ya Mungu, ikaanza kushinda.

Hapo fundi akapata kazi asiyoiweza. Asimulie nini? Kabutua, umetoka, kabutua tena, umetoka tena. Kaka yake akaanza kupiga miayo. Kwa hofu ya kumpoteza, fundi akatia chumvi: akabuni chenga, akagawa tobo ambazo hakuna aliyezipiga, akapaza sauti hadi jasho likamtoka. Mwokaji alimsikiliza kwa upole, kisha akamwekea mkono gotini.

"Mdogo wangu, masikio yangu ni mazima. Uwanja wote umenyamaza, wewe peke yako unashangilia. Nirudishe nyumbani. Matokeo nitayapata redioni."

Timu ilishinda siku hiyo, lakini fundi alitoka kama aliyefiwa. Alijua amemnyang'anya kaka yake furaha pekee iliyokuwa ikimtoa nyumbani, tena kwa mkono wake mwenyewe. Iliuma, na alistahili iume.

Walipozunguka nyuma ya uwanja, mwokaji akasimama ghafla. Kutoka kiwanja cha vumbi cha jirani kilisikika kicheko cha watu wengi, kisha "aaah" ndefu, na chini yake mpira ukipigwa kwa mapigo mafupi mafupi yasiyokatika. Akauliza ni nani wanaocheza. Fundi akachungulia, aibu ikamshika.

"Ni wasichana, kaka. Kocha wao ni Pasi."

Hapakuwa na bango wala kipaza sauti, lakini watu walikuwa wamejaa hadi juu ya ukuta, baadhi yao wamevaa jezi za timu waliyoiacha ikishinda kule uwanjani. Kipofu ndiye aliyemvuta mwenye macho wakapenya. Fundi akafungua kinywa, mpira ukamzidi mbio.

"Kampa wa kati, karudishiwa, kampiga tobo beki... ngoja, kaka, ngoja, sijamaliza!"

Mwokaji alicheka mpaka akashika mbavu. Filimbi ya mwisho ilipolia, alikuwa ameng'ang'ania mkono wa mdogo wake kwa mikono yote miwili, uso umemng'aa, akitaka kujua watoto hao watacheza tena lini. Mpita njia akamuuliza fundi nani ameshinda. Fundi, mtu wa pointi, akafikiri, akakuna kichwa, ikabidi amuulize jirani. Wasichana walikuwa wamefungwa, na yeye hakuwa na habari.

Ama kweli, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.