Viti vya Mbele

Hapo zamani za kale, wanyama walipokwisha kujua kuitisha mikutano ila hawajajua kuimaliza, koo mbili za nyani zilipigania chemchemi. Ukoo mmoja ulikaa jabali la juu, mwingine jabali la chini. Kutwa ni mawe: pu, pa, pu.

Katikati, ndani ya ufa wa mwamba, aliishi Bi Pimbi na mwanawe Kidoti. Maji yalikuwa hatua kumi tu, lakini chini ya mvua ya mawe, na siku ya tatu hiyo mtoto hajanywa.

Simba alijiita rafiki wa ukoo wa juu; Chui, rafiki wa ukoo wa chini. Kila mmoja aliwaletea watu wake mawe, kisha akarudi nyuma ya kilima kufuatilia hali kwa karibu. Nyani akifa, walikuja kutoa pole, wakaondoka na maiti. Walinenepa kwa majonzi.

Siku moja wakatangaza sherehe ya amani. Jioni yake Bi Pimbi akamsikia Simba akiwanong'oneza nyani wake juu ya ufa: "Nikishakaa kitini tu, rusheni. Wenzenu watakuwa wanapiga makofi." Punde Chui naye, huko chini, maneno yale yale.

Asubuhi Bi Pimbi akajitanda kanga, akamwendea Simba.

"Shikamoo, mheshimiwa. Viti napanga mimi. Wewe nimekuweka nyuma, kwa watu wako."

"Na Chui?"

"Kaomba mbele, pale chemchemini. Anasema msuluhishi mkuu ni yeye."

"Chui huyu mla mbwa? Weka changu mbele yake."

"Lakini mzee wangu, pale..."

"Mama, unanifundisha itifaki?"

"Nitakuwa nani mimi."

Uchu wa kiti ulikwisha kumsahaulisha amri yake mwenyewe. Kwa Chui, Bi Pimbi hata hakumaliza sentensi.

Basi wakaketi chemchemini, magoti yakigusana, kila mmoja akisogeza kiti kidogo kumpita mwenzake. Simba akakohoa. "Ndugu wapendwa, vifo vyenu vinatugusa sana..."

Pu! Jiwe la kwanza likamgusa puani.

Pa, pu, paa! Ya juu yakashuka, ya chini yakapanda, yote yale waliyoyaleta wenyewe.

"Ni mimi, wajinga nyie, ni mimi!" alilia Chui.

"Vita havina maana!" alinguruma Simba, ambaye miezi yote ile hakuwahi kuliona hilo. Wakatimka, wakapita kilima chao, wakapita na cha pili.

Nyani walirusha hadi mawe yakaisha. Wakangoja mengine yaletwe. Wapi. Jua likawaka, makoo yakakauka, wakaanza kushuka mmoja mmoja, wakikwepana macho kwa aibu.

Wakamkuta Kidoti keshatangulia, pua imezama majini, na mama yake kamshika mkia asitumbukie.

Ndiyo maana nawaambia, watoto: ukitaka msuluhishi amalize vita upesi, mpe kiti pale mawe yanapoangukia.