Salamu Haikoseshi Gari

Salamu haikoseshi gari. Mmemsikia shangazi yenu akimwambia hivyo yule kijana aliyetupita bila hata kugeuza shingo, mkacheka, kisha mkaniuliza kaitoa wapi. Haikutoka mbali. Chanzo chake ni hiki.

Mzee Shemweta wa Mlola, kule Usambara, hakuwa mtu wa kusalimiana naye ukiwa na chungu jikoni. Akishakujulia hali wewe, alihamia kwa wazazi, kwa watoto, akamalizia na mahindi ya shambani. Kwao ndivyo walivyolelewa: huombi kitu kwa mtu ambaye hujui ameamkaje.

Siku moja alifika Dar es Salaam kwa mara ya kwanza. Dada yake Hidaya alikuwa hospitalini, apasuliwe saa nne asubuhi, naye alikuwa ameapa kwamba haingii chumba cha upasuaji kabla hajamwona kaka yake. Mzee alishuka basi la mkoani asubuhi ile, akaelekezwa kwenye kituo cha mabasi ya mjini. Akapanga foleni ya tiketi kama wenzake.

Sasa, pale tiketi ni moja kwa vituo vyote. Mtu hutoa hela, hupewa karatasi, huondoka. Mkata tiketi hamuulizi mtu aendako, na hakuna anayemuuliza yeye lolote.

Mzee Shemweta alipofika dirishani alivua kofia.

"Shikamoo, baba," alisema yule dada wa tiketi bila kuinua macho.

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje? Wa nyumbani wazima?"

Dada akainua macho. "Mmoja kakesha na homa, baba."

"Oo, pole sana! Ni mdogo?"

"Ana miaka miwili."

"Mungu atamwafu, mwanangu. Na wewe mwenyewe umelala?"

Nyuma yake kijana mmoja, chupa ya chai mkononi na jasho usoni, alishindwa kuvumilia. "Mzee, salamu zako zitatukosesha gari!"

Akapenya, akatupa hela dirishani, akanyakua tiketi yake na kukimbilia basi lililokuwa linanguruma. Milango ikafungwa, basi likaondoka. Mzee Shemweta alilitazama likienda, akamwona Hidaya akilini mwake, na kwa mara ya kwanza maishani alijuta kusalimia.

"Usisikitike, baba," alisema yule dada. "Unakwenda wapi?"

"Hospitali, mwanangu. Dada yangu anapasuliwa saa nne."

"Basi afadhali hukulipanda. Lile halisimami hospitali, linapitiliza mpaka mwisho wa njia. Panda linalokuja, uhesabu vituo vitano. Cha tano ni chako."

Alihesabu kwa vidole, wala hakuona haya. Alifika wakati Hidaya ameshalazwa kwenye kitanda cha magurudumu, mlangoni kabisa. Dada mtu alimshika mkono, akaung'ang'ania, kisha akamwambia muuguzi, "Haya, sasa niingizeni." Mzee alilia waziwazi, na wala sioni aibu kuwaambia.

Saa nne wageni wote walitolewa nje na geti likafungwa. Mzee alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, akisubiri habari na kumuuliza mlinzi habari za kwao Singida, alipoona mtu anakuja mbio. Alikuwa yule kijana wa chupa ya chai.

"Nifungulie, kaka! Mke wangu kajifungua alfajiri, hajatia kitu tumboni. Basi limenipitiliza!"

"Muda umekwisha," alisema mlinzi.

Kijana alimwona mzee, akamtambua, akainamisha kichwa. Mzee angeweza kunyamaza. Nani angemlaumu? Lakini aliinuka.

"Mwanangu," alimwambia mlinzi, "huyu nilikuwa naye tangu kituoni. Mabasi tu ndiyo yaliyotutenganisha. Mwache ampelekee mzazi chai."

Mlinzi alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akacheka. Akafungua geti.

Kijana alichomoka mbio. Hatua chache mbele akasimama ghafla, akarudi mpaka getini na haraka yake yote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Hongera kwa mtoto. Mama yake hajambo?"

"Hajambo, mzee. Na mgonjwa wako anaendeleaje?"

"Yuko ndani, tunamwomba Mungu. Haya, nenda, chai itapoa. Salamu haikoseshi gari."